Trela la mzee wa asali: kwa nini bushi zilikuwa zinaliwa kila msimu

Trela lenyewe ni la Kimarekani, yale ya kulala ndani, lina kitanda, kajiko ka gesi, tenki la maji na choo, ekseli mbili. Mwenyewe ni mzee mmoja wa hapa Tabora anafanya biashara ya asali, alilinunua mnadani likiwa tayari limeshatumika na watu wa ujenzi, akalifanya ndo kambi yake ya porini. Msimu ukifika analifunga nyuma ya Land Cruiser anashuka nalo Sikonge mpaka huko Ipole, anapaki kwenye kivuli, vijana wanaenda kurina asali wanarudi, yeye analala humo na daftari lake la hesabu. Ukitaka kujua ni la Kimarekani wala usihangaike na karatasi, angalia mlango. Kwao wanaendesha mkono wa kulia kwa hiyo mlango umewekwa kulia, hapa kwetu ukisimama pembeni ya barabara mlango unafungukia kwenye lami malori yanakupita mgongoni. Na kitu kingine kinachokuja na Umarekani wake, ambacho ndo kimebeba kisa chote hiki, ni kwamba bolti zake zote za chini ni za inchi.

Malalamiko yake yalikuwa mafupi tu, bushi zinaisha, yaani vile vibomba vidogo vinavyokaa kwenye viungo vya springi na bolti inapita katikati yake. Alianza na zile za plastiki alizokuta nazo, zikaliwa, fundi mmoja akamwekea mpira, ukaliwa haraka zaidi, fundi mwingine akachonga za chuma kabisa ili yaishe, nazo zikaanza kulia kelele mpaka vijana wakaanza kulitania trela. Sasa alipofika gereji kwetu alishakata shauri kabisa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hebu nitolee hivi vitu vyote huku chini uniwekee springi za Hilux, nimechoka mimi na Wamarekani na bushi zao za plastiki."

Nikamwambia mzee tulia kwanza, tukague, hizo springi za Hilux tutaziongelea mwishoni. Na tuliziongelea kweli.

Kwanza tuelewane lile trela limekaaje huko chini, maana mafundi wengi tumezoea pikapu na ukilileta lile zoea huku ndo unapopotea. Kila upande una springi mbili, moja ya ekseli ya mbele na moja ya nyuma, kila springi ina macho mawili, yaani yale matundu ya duara huku mwanzo na kule mwisho, kwa hiyo trela zima lina macho nane na kila jicho lina bushi yake ndani. Jicho la mbele kabisa limefungwa moja kwa moja kwenye hanga, yaani masikio mawili ya chuma yaliyochomelewa kwenye chesi. Katikati ya springi hizo mbili kuna chuma kinaitwa ikwalaiza, kimening'inia kwenye hanga ya kati kwa bolti moja na kinacheza kama bembea ile ya ubao ya watoto, tairi la mbele likipanda jiwe upande huu unapanda na ule unashuka, mzigo unagawanyika kwa ekseli zote mbili badala ya moja kubebeshwa peke yake. Ikwalaiza inashikana na springi kwa shako, yaani vile vibao viwili viwili vya chuma vyenye matundu mawili, na jicho la nyuma kabisa nalo limefungwa moja kwa moja kwenye hanga ya nyuma. Springi ikikandamizwa inanyooka na kurefuka, na shako ndo zinazoipa nafasi ya kurefuka.

Sasa trela likitembea kila kiungo hapo kinazunguka kidogo kidogo muda wote. Kinachotakiwa kuzunguka ni bushi kwenye bolti, basi. Bolti yenyewe haitakiwi kugeuka hata kidogo, na ndo maana bolti zake za asili zina meno membamba chini ya kichwa, ukiigonga na nyundo yale meno yanauma kwenye bati la hanga au kwenye kibao cha shako na bolti inakaa palepale miaka yote. Bushi za kiwandani kwenye matrela mengi ya aina hii ni za naironi, hazihitaji grisi, zinaliwa polepole ili bolti na jicho la springi visiliwe. Zimewekwa pale zife zenyewe kwa niaba ya wengine. Kwa hiyo mzee kusema bushi inaisha hiyo siyo habari, bushi kazi yake kuisha, swali ni kwa nini inaisha ndani ya msimu mmoja wakati ilitakiwa iende zaidi ya hapo, na kwa nini hata ya chuma inakufa.

Kabla ya kushika jeki tuliliweka trela kwenye sakafu iliyonyooka, tupu, likiwa limefungwa kwenye gari, tukalizunguka. Hii hatua watu wanairuka kwa sababu haina spana, lakini hapa ndo jibu la kwanza lilipopatikana. Pima nafasi kati ya tairi la mbele na la nyuma upande wa kulia, afu nenda kushoto upime vilevile. Kulia ilikuwa sawa, kushoto nafasi imepungua unaona kabisa. Maana yake tairi la mbele kushoto limerudi nyuma, na ekseli iliyorudi nyuma upande mmoja tayari inaelekea kwingine, trela zima linavutwa kushoto huku ekseli ya nyuma inataka kunyooka, zinagombana na anayeumia ni tairi. Ukipitisha kiganja kwenye uso wa tairi za mbele unasikia kabisa, ukienda hivi ni laini ukirudi hivi inakwaruza. Mzee alikuwa anajua tairi zinaliwa ila alishapewa jibu kwamba ni tairi za kichina.

Kitu cha pili ni ikwalaiza, zote mbili zilikuwa zimelala upande mmoja. Sababu unaiona ukisimama mbali, Land Cruiser iko juu kuliko lile trela lilivyotarajiwa kuvutwa, pua imeinuka mkia umeshuka, kwa hiyo hata bila shimo ikwalaiza imeshatumia sehemu ya safari yake, ikikutana na tuta inafika mwisho na kugonga. Hilo dawa yake ni kushusha bola la kuvutia kwa kibao cha chini zaidi, kazi ya muda mfupi tu, tukaifanya siku hiyohiyo, sitaiongelea tena.

Cha tatu ni vumbi jekundu. Siyo vumbi la barabara, hili ni laini kama unga wa kahawia na linatoka kwenye kiungo penyewe, pembeni ya jicho na chini ya kichwa cha bolti, ni chuma kinachosagana na chuma kikashika kutu. Ukiliona hilo usibishane na mtu, fungua.

Kuhusu kupandisha, niseme moja kwa sababu nimeona watu wanalala chini ya vitu hivi kienyeji mno. Jeki iwekwe kwenye chesi karibu na hanga, siyo katikati ya bomba la ekseli, lile bomba linapinda na likishapinda tairi hazikai sawa tena maisha. Stendi chini ya chesi pande zote, kabari kwenye tairi zinazobaki chini, trela libaki limefungwa kwenye gari. Ndo uchukue jeki ya pili ndogo ushike ekseli yenyewe kwa upole karibu na springi, hiyo ni ya kupandisha na kushusha kidogo ili bolti itoke bila kubanwa. Na fungua upande mmoja kwanza umalize kabisa, ukifungua pande zote kwa haraka ekseli inajiviringisha inakwenda inakotaka na utatumia mchana mzima kuirudisha.

Tulipofungua upande wa kushoto bolti ya hanga ya mbele haikuhitaji hata kugongwa, ilitoka kwa mkono. Chini ya kichwa chake kulikuwa na duara linang'aa, limepigwa polishi kabisa. Huo mng'ao ndo ushahidi, bolti ilikuwa inazunguka ndani ya hanga. Tukaipima kwa venia, kile kipimo cha kubana, kwenye sehemu ambayo haijaliwa, milimita 14. Ni bolti ya kawaida ya milimita ya duka la vifaa vya magari, haina meno chini ya kichwa. Tundu la asili la hiyo hanga ni la bolti ya inchi 9/16, ambayo ni milimita 14.29. Tofauti ni kama robo milimita na kidogo, ukiingiza kwa mkono inaingia vizuri unajiona umepata saizi, kumbe hiyo robo milimita kila shimo bolti inapiga ukuta wa tundu kama nyundo, tundu linarefuka, likirefuka inapiga kwa nguvu zaidi. Hanga ni bati la chuma laini la milimita sita hivi, bolti ni chuma kigumu, hapo anayeshindwa anajulikana. Tundu la hanga la mbele kushoto lilikuwa limerefuka kuelekea nyuma kiasi cha kuingiza ncha ya kidole kidogo pembeni ya bolti. Hapo ndo upungufu wa kule kwenye tairi ulipoanzia, uliobaki ulitoka kwenye jicho la springi lenyewe nalo limechimbwa.

Swali linalofuata ni kwa nini bolti ilianza kuzunguka. Na hapa simlaumu fundi aliyetangulia, hakuwa mjinga, alifanya alichozoea kwenye pikapu. Kwenye Hilux bushi za springi ni mpira mnene, mpira haukusudiwi kuteleza, unakamatwa ndani na nje afu wenyewe ndo unajipinda springi ikicheza, ndo maana unakaza nati kwa nguvu na unakaza gari likiwa limesimama na uzito wake ili mpira usiwe umepindwa tangu mwanzo. Hiyo ni sahihi kabisa, kwa Hilux. Huku kwenye trela nafasi kati ya bolti na ukuta wa jicho haifiki hata milimita mbili, mpira wa unene huo hauna pa kujipindia, unakatika. Na ukikaza nati kwa nguvu ileile ya pikapu unabana masikio ya hanga na vibao vya shako juu ya jicho la springi, kiungo kinakuwa kigumu, bushi haizunguki tena kwenye bolti. Lakini springi lazima icheze, haikuulizi, kwa hiyo inageuza kilicho dhaifu zaidi, na kilicho dhaifu zaidi ni bolti isiyo na meno kwenye tundu kubwa kuliko yenyewe.

Ukishaelewa hapo zile bushi zote zilizotangulia zinajieleza. Za naironi zilikufa kwa uzee, hilo la kawaida, na kosa likaanza pale zilipobadilishwa pamoja na bolti, bolti ya inchi yenye meno ikatupwa ikaja ya milimita. Ya mpira ikasagwa. Ya chuma ikawa chuma juu ya chuma bila tundu la grisi wala mfereji wa kuipitisha, na huku kwetu ukishaacha lami ya Sikonge ukaingia porini ni mchanga mtupu, ule mchanga ukiingia kwenye kiungo kikavu unafanya kazi ya msasa. Yaani ungeweka hata dhahabu ingeliwa.

Nilipomwelezea mzee akanisikiliza afu akauliza swali la maana kuliko yote ya siku ile. "Sawa, ila mbona kushoto kumeliwa sana kuliko kulia?"

Nikaomba anionyeshe anavyopakia. Ndoo za asali za lita 20 zinapangwa nyuma kabisa upande wa kushoto, kwa sababu mlango uko kulia na jiko liko mbele, hapo ndo penye nafasi. Ngapi? Msimu mzuri arobaini. Yeye kichwani anahesabu lita 20 ni kilo 20 kama maji, lakini asali ni nzito, lita moja inakaribia kilo moja na gramu mia nne, kwa hiyo ndoo moja ni kilo 28 na ndoo 40 ni kilo 1,120, siyo 800. Tukapiga hesabu kwenye karatasi. Trela tupu kwa kibati chake ni kama kilo 2,300, ongeza asali 1,120, ongeza maji lita 150, mitungi ya gesi, majembe, magodoro ya vijana, unakaribia kilo 3,700. Ekseli zake kila moja imeandikwa ratili 3,500, ambazo ni kilo kama 1,588, mbili ni kilo 3,175. Sawa, sehemu ya uzito inabebwa na gari kwenye bola, kawaida asilimia 10 hadi 15, lakini mzigo ukiwa nyuma ya ekseli unainua pua, kwa hiyo ile asilimia ya gari inapungua na ekseli zinabebeshwa zaidi. Afu wote upande wa kushoto. Kwenye lami inavumilika, kwenye njia ya porini kila shimo linazidisha huo uzito kwa muda mfupi.

Mzee akatikisa kichwa akasema kumbe asali ndo inanila mimi.

Sasa matengenezo. Tulikubaliana kitu kimoja mapema, hatununui bushi kwanza. Bushi mpya kwenye tundu refu ni hela ya kutupa. Tukaanza na hanga. Hanga ya mbele kushoto tundu lilikuwa limeshaharibika kiasi kwamba kuchomelea na kutoboa upya palepale nisingekiamini, tukakata vipande vya bati nene zaidi, tukavitoboa kwa saizi ya bolti yenyewe, tukaviweka nje ya masikio yote mawili ya hanga. Siri hapa ni kupitisha chuma cha duara kilichonyooka kwenye matundu yote mawili kabla ya kuchomelea, ili bolti isije ikakaa mshazari, na kabla ya kuchomelea moja kwa moja unagusisha kidogo tu, afu unachukua tepu unapima toka kwenye kichwa cha kuvutia mpaka mwisho wa ekseli kulia, afu kushoto. Zikiwa sawa ndo unachomelea. Ukichomelea kwa macho unarudi kulekule kwenye tairi kuliwa. Na toa waya wa betri, tena za pande zote mbili, ya trela na ya gari, weldingi haina urafiki na vifaa vya umeme.

Bolti, shako na bushi tuliagiza seti nzima ya nje ikaja kupitia Dar. Seti za kuboresha matrela haya zipo, bolti zake zimetobolewa katikati na zina nipo, yaani chuchu ya kupigia grisi, mwishoni, bushi ni za bronzi badala ya naironi, na shako zake ni nene mara mbili ya zile za kiwandani, nusu inchi. Hizo shako nene siyo mapambo. Trela la ekseli mbili ukilikata kona kali, hasa ukilirudisha kinyumenyume kwenye uwanja mwembamba kama wa mzee pale chini ya miembe, tairi haziwezi kufuata duara moja, moja inaburuzwa huku nyingine kule, na nguvu zote hizo za ubavuni zinabebwa na vile vibao. Mbili za zamani zilikuwa zimepinda unaona kwa macho.

Seti ilipofika macho saba yalikubali bushi mpya vizuri, unaiingiza kwa kuivuta na bolti ndefu, washa na nati, inaingia taratibu imenyooka, usiipige nyundo kichwani inabonyea na bolti haitapita. Jicho la nane, lile la mbele kushoto, lilishachimbwa na ile bolti ya milimita, bushi ikawa inacheza. Kununua springi nyingine ingewezekana lakini tungesubiri tena, na pleti yenyewe ilikuwa haina ufa, tuliiosha kwa dizeli tukaikagua kwa kurunzi. Tukaamua kulisafisha jicho kidogo tu lirudi duara, tukachonga bushi moja yenye mwili mnene zaidi. Hapa kuna mtego, usilipanue jicho sana maana ukuta wake ndo unaobeba trela.

Bronzi tuliipata Kigoma. Kule mafundi wa boti wanaijua hiyo kazi kuliko sisi, shafti za mapanga ya boti nyingi zinakaa kwenye bushi za bronzi, kipande kikaja na treni kikapita Kaliua na Urambo kikafika kwa fundi wetu wa kuchonga. Usikubali kupewa brasi ukaambiwa ni hiyohiyo. Brasi ni shaba na zinki, ina unjano wa koki ya bomba la maji, nzuri kwa mapambo na koki zenyewe. Bronzi ya bushi ni shaba na bati (ile metali yenyewe, siyo bati la hanga), rangi yake imekaa kwenye wekundu wa kahawia, na ile ya beringi inatiwa risasi kidogo ili iteleze. Inavumilia kupigwapigwa na inavumilia grisi kuchelewa. Na ukichonga kumbuka bushi ikishabanwa kwenye jicho tundu lake la ndani linapungua, kwa hiyo acha nafasi ndogo, bolti ipite kwa kusukuma na kidole gumba. Kuna aliyenishauri tuchonge ya naironi ni rahisi, kweli ni rahisi, ila naironi inakunywa maji, masika ikivimba inabana bolti, na tumeshaona bolti ikibanwa kinatokea nini.

Kufunga. Bolti zenye meno zinaingizwa kwa nyundo ama kwa kuvutwa mpaka kichwa kikae, na ukishaanza kukaza unageuza nati tu, kichwa usikiguse na spana, ukikigeuza umekata yale meno na umeununua ugonjwa uleule kwa hela mpya. Zile bolti za grisi zina katundu kadogo ubavuni kanakotoa grisi, kaangalie mbele au nyuma, kasiangalie juu wala chini, kwa sababu uzito unakandamiza juu na chini na tundu likiwa huko linazibwa na ukuta wa bushi, utasukuma grisi mpaka bomba linapasuka haiingii. Nati mpya za kujifunga, zile zenye plastiki ndani, za zamani usirudie. Mkazo wake mdogo kuliko unavyodhani, futi-ratili 30 mpaka 50, yaani nyutoni-mita 41 mpaka 68. Kijana wetu aliona kama ninamtania, akataka kuongeza bomba kwenye spana, nikamwambia acha, shika shako kwa nondo fupi uisukume, inatakiwa itembee. Haitembei, legeza.

Grisi ya kwanza tulipiga trela likiwa bado limeinuliwa kwa chesi na tairi zinaning'inia, kwa sababu likiwa chini uzito unabana upande mmoja wa bushi na ndo upande unaohitaji grisi kuliko wote. Grisi ya lithiamu namba 2, ya mzigo mzito, unasukuma mpaka itokeze pande zote mbili za jicho. Ile inayotoka unaifuta, usiiache imening'inia, inakusanya mchanga.

Baada ya hapo nafasi za tairi kulia na kushoto zikawa sawa. Tukalitembeza mpaka nje ya mji na kurudi, tukakaza tena nati za tairi, hili watu wanalisahau kwa sababu walichofungua ni springi, lakini tairi si zilitolewa? Yubolti, zile bolti za umbo la U zinazoshika ekseli kwenye springi, nazo tukazirudia.

Mzee tulimwachia kazi moja ndogo ambayo naona ndo yenye faida kuliko bronzi yote ile. Nilichukua rangi ya kucha ya bintiye, nyekundu, nikachora mstari mmoja unaopita juu ya kichwa cha kila bolti mpaka kwenye bati la hanga au shako. Akifika Ipole anainama na tochi anaangalia mistari. Mstari umenyooka, bolti haijageuka. Mstari umekatika, bolti inazunguka na haina haja ya kusubiri tairi ziliwe ndo ajue. Grisi anapiga kabla ya kwenda porini na akirudi, na akivuka maji mengi masika anapiga hapohapo ili kusukuma matope nje. Ndoo za asali ishirini zinapangwa juu ya ekseli katikati, kulia na kushoto sawa, zilizobaki anatafuta Canter. Alinung'unika kuhusu nauli ya Canter, ila tulipomwekea mbele bei ya tairi nne akanyamaza.

Haya, zile springi za Hilux. Aliuliza tena tulipokuwa tunamalizia, na mafundi wazuri tu hapa mjini wanaifanya hiyo kazi, kwa trela la ekseli moja mimi sina neno nayo, spea zimejaa na kila mtu anazijua. Kwa ekseli mbili nilikataa. Ukifunga springi za pikapu kila ekseli inakuwa na hanga zake na shako zake, ikwalaiza inaondoka, hakuna tena cha kugawanya mzigo. Trela likipanda tuta ekseli ya mbele inabeba karibu kila kitu peke yake, ikishuka ya nyuma nayo inabebeshwa, ekseli ya kilo 1,588 inapigwa na tani tatu na zaidi. Bushi zitadumu, kweli, kitakachovunjika ni ekseli, na ekseli ya ratili 3,500 yenye habu za inchi hapa Tabora huipati dukani. Bolti za 9/16 zenye meno anaweza kubeba tano za akiba kwenye droo ya jikoni, na tayari anazo.